Kaa kushoto kwangu: kuishi Dar baada ya kutolewa uvimbe wa mshipa wa sikio

Mteja akiingia kwenye kibanda changu cha ushonaji hapa Mwananyamala, kabla sijashika futi namwonyesha kiti. Kiti chenyewe kiko kushoto kwa cherehani, na nimekifunga kwa kamba kwenye mguu wa meza, maana watu wa Dar wana tabia ya kuvuta kiti wakakae penye upepo. Anayekaa kulia kwangu anaongea na ukuta. Sikio langu la kulia halisikii chochote tangu 2019, mwaka niliotolewa uvimbe.

Uvimbe huu madaktari wanauita vestibula shwanoma, wengine akustiki nyuroma. Unaota kwenye mshipa wa fahamu wa nane, ule unaopeleka ubongoni habari za kusikia na za balansi. Si saratani na unakua taratibu, lakini unakaa pabaya: ndani ya kimfereji chembamba cha mfupa, bega kwa bega na mshipa wa saba unaochezesha uso. Wangu ulikuwa sentimita 3 na ushee, umeshaanza kuegemea shina la ubongo. Nashukuru Mungu, na nawashukuru walionipasua. Ila siku ya kuruhusiwa nilipewa karatasi ya dawa na tarehe ya kutoa nyuzi, basi. Namna ya kuishi na kichwa hiki nimeiokota mwenyewe barabarani, jikoni na kwenye mashine. Ninayoandika ni hayo. Daktari wako ndiye anayeijua picha yako. Nikipishana naye, msikilize yeye.

Jicho kwanza

Mshipa huo wa saba ukiumia uso unapooza, kama wangu wa kulia. Uso ukipooza, utahangaika na mdomo, kwa sababu ndio watu wanaouona. Mdomo unaweza kusubiri. Jicho haliwezi. Kope isiyofunga inaacha kioo cha jicho wazi usiku na mchana. Kinakauka, kinachubuka, kinafanya kidonda, na kidonda kikipona kinaweza kuacha kovu jeupe palepale unapoonea.

Mwezi wa nne tangu upasuaji nilichukua oda ya sare za harusi, magauni 22 ya kitenge. Kitenge kipya ukikikata kinatoa vumbi kama unga wa sembe. Nilishona siku tatu. Sikuumwa, sikuwashwa. Jioni ya siku ya tatu binti yangu akaniletea chai, akaniangalia, akasema, "Mama, jicho lako kama umetia pilipili." Nikachukua kioo. Jekundu lote, na kwenye weusi kuna kinukta cheupe kama punje ya chumvi. Kumbe uvimbe ukiwa mkubwa unaweza kugusa na mshipa wa tano, ule unaolifanya jicho lisikie mchanga. Jicho langu lilikuwa limekufa ganzi na mimi sina habari. Wiki mbili nilikwenda kliniki ya macho, na zile sare akazimalizia shoga yangu wa Komakoma.

Kwa hiyo mchana weka machozi bandia, yale matone ya dukani, kabla jicho halijakauka. Mwanzoni mimi niliweka kila saa moja, na simu nilitega itetemeke, kwa sababu jicho lenye ganzi halikumbushi mtu. Ukiweka mara nyingi hivyo, uliza matone yasiyo na kihifadhi, yale ya vichupa vidogo vya kutumia na kutupa; kihifadhi kikizidi nacho kinachubua. Usiku matone hayatoshi. Paka dawa nzito ya macho, ile ya tyubu, ndani ya kope ya chini, kisha funga jicho kwa plasta ya karatasi. Kufunga nako kuna ufundi. Angalia chini, kana kwamba unatunga uzi kwenye sindano iliyoko mapajani. Shusha kope ya juu kwa ncha ya kidole hadi ifumbe kweli. Hapo ndipo ubandike kipande kutoka kwenye kope kwenda chini, kuelekea shavuni upande wa nje. Usiweke pamba wala bandeji juu ya jicho ambalo halijafumba: usiku kope inafunguka chini yake, na ile pamba inasugua kioo cha jicho mpaka alfajiri.

Asubuhi, kabla ya chai, simama dirishani na kioo. Ukiona wekundu mpya, usaha, doa jeupe, ukungu, au mwanga ukikuchoma, ni hospitali yenye daktari wa macho siku hiyohiyo. Mimi nikiwa huku Kinondoni, CCBRT ya Msasani iko karibu. Usipitie duka la dawa kuchukua matone ya "macho mekundu". Mengine yana steroidi, na kwenye kidonda yanaweza kuharibu zaidi. Nilishauriwa pia maziwa ya mama na asali. Nilishukuru, sikuweka.

Nikiwa kwenye mashine navaa miwani ya plastiki ya mafundi wa grainda, inayoziba hadi pembeni. Wateja wanacheka. Gauni likimkaa vizuri anasahau miwani.

Sikio na jicho hayapatani

Sikio lililokufa halikai kimya. Langu linavuma kama friji bovu, saa 24. Mchana mlio unafunikwa na mashine na barabara. Usiku kimya kikiingia ndipo unapojitanua. Dawa yangu ni kuupa mlio mwenzake, sauti ndogo isiyo na maana, iliyo chini kidogo ya mlio wenyewe. Feni inafaa kuliko kitu chochote. Lakini feni hiyohiyo ndiyo inayokausha jicho! Nilisumbuka nayo muda mrefu: nikiwasha jicho linaamka limekauka, nikizima nakesha na friji langu kichwani. Sasa pangaboi siligusi. Feni ya mezani nimeielekeza ukutani, upande wa miguuni. Mvumo naupata, upepo unaishia kwenye saruji. Umeme ukikatika nina redio ndogo ya betri, naiweka katikati ya stesheni mbili, pale inapokoroma tu.

Jua pia unalalia upande gani. Ukilalia sikio zima husikii simu, hodi wala mtoto, kwa hiyo usiku wa kuuguza mtu lalia lile bovu. Kigodoro kikiwashwa mtaa wa pili, nalalia zima, na kwangu mimi sherehe imekwisha. Ni faida moja, acha niile.

Kwenye daladala ugomvi ni uleule. Mimi niliyekufa la kulia nakaa dirishani upande wa kulia, safu za nyuma ya dereva. Sikio bovu linatazama nje, zima linamsikia konda. Lakini dirisha hilo ndilo linalopuliza jicho la kulia, basi miwani tena. Kiti cha mbele siendi, maana usukani wetu uko kulia na dereva ataongea na upande wa kaburi. Kwenye teksi nakaa nyuma ya dereva. Wewe uliyekufa la kushoto geuza hayo yote.

Barabarani ndipo nakuomba usome taratibu. Ubongo unajua sauti imetoka wapi kwa kulinganisha masikio mawili. Likibaki moja, honi unaisikia, ila hujui iko kulia, kushoto au nyuma. Mara nyingi utahisi imetoka upande mzima hata kama siyo. Mwaka ule wa kwanza, karibu na Barabara ya Kawawa, bodaboda alinipigia honi kutoka kulia. Nikasikia kushoto. Nikarukia kulia. Alinikwepa kwa kuingia mtaroni, akanitukana, na haki alikuwa nayo. Tangu hapo sheria yangu ni moja: ukisikia honi, simama ulipo. Usiruke. Geuza kichwa kwanza, ukishaona ndipo usogee. Tembea upande wa kulia wa barabara ili magari ya upande wako uyaone yanakuja. Kwangu ni bahati zaidi, maana barabara inabaki kushoto, kwenye sikio lililo hai. Kuvuka, vuka na mtu, awe upande wako mbovu.

Kuna ajali nyingine isiyo na gari. Mama mmoja mtu mzima, jirani wa mlango wa tatu, alinisalimia "Hujambo mwanangu" mara mbili kutoka kulia, nikapita. Jioni habari zikanifikia: tangu nirudi kutoka hospitali nimekuwa na maringo, siitikii hata wakubwa. Nikaenda na kilo ya sukari, nikampa shikamoo, nikamwonyesha kovu nyuma ya sikio. Alilia yeye kuliko mimi. Na ndiye aliyenitangazia mtaa mzima, bure. Kwa hiyo usione haya kusema mapema: "Sikio hili halisikii kabisa, njoo huku." Ukisema "sisikii vizuri" watapiga kelele kwenye sikio bovu.

Kwenye shughuli nawahi. Nachukua kiti cha pembeni kabisa kulia, ukumbi wote uwe kushoto kwangu, spika ziwe mbali, kwa sababu hili moja likiharibika sina akiba. Kuna vifaa vya kusikia vya jozi: kimoja kinakaa sikio bovu, kinadaka sauti na kuirusha kwenye kile cha sikio zima. Havirudishi kujua sauti imetoka wapi, na bei yake si ya fundi cherehani. Ukiweza, omba kujaribu siku kadhaa kabla hujalipa. Mimi nilijaribu, nikarudi kwenye kiti changu cha kamba.

Kusimama wima

Mshipa wa balansi ukikatwa upande mmoja, ubongo unajifunza upya kwa kutumia vitu vitatu: sikio la pili, macho, na nyayo zinavyoisikia ardhi. Ukiondoa kimoja unayumba. Ndiyo maana mchana unatembea vizuri, umeme ukikatika unagonga ukuta.

Hatari kubwa nyumbani ni bafuni. Umejipaka sabuni usoni, umefumba macho, sakafu inateleza: vyote vitatu vimeondoka mara moja. Oga umekaa kwenye kigoda. Sioni aibu, na nimeacha kuchubuka viwiko. Tochi iwe chini ya mto. Ndoo usibebe mkono mmoja. Bora nusu ndoo mbili. Kwenye swala nilikuwa nikiinuka kutoka sijda dunia inageuka, sheikh akaniambia niswali nimekaa mpaka nipate nguvu. Nilikaa miezi mitano. Siku hizi nasimama, ila nainuka kwa vituo.

Zoezi lililonifaa nililipata kwa mtu wa fiziotherapia, nikaligeuza la kifundi. Bandika kifungo cheusi cha koti ukutani, usawa wa macho. Simama hatua mbili mbele yake, mgongo uwe karibu na kitanda. Kitazame, usikiache, huku ukigeuza kichwa kulia na kushoto kama unayekataa. Kifungo kisiyeyuke, kikianza kucheza punguza mwendo. Dakika moja, pumzika, kisha kichwa juu na chini. Mara tatu kwa siku. Kizunguzungu kidogo kitakuja, na hicho ndicho kinachoufundisha ubongo. Usikikimbie, ila usifike kutapika. Vidonge vya kizunguzungu ni vya siku za mwanzo. Nilivimeza miezi miwili kwa sababu vinatuliza, hadi nilipoambiwa vinauchelewesha ubongo kujifunza. Usiviache wala kuvirefusha bila kumuuliza aliyeviandika.

Baada ya mazoezi ya ndani nikahamia mchangani, Coco Beach, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, pekupeku, binti kashika kitenge nilichojifunga kiunoni. Mchanga mkavu ni mgumu kutembea juu yake kuliko mbichi, anza na mbichi. Lakini baharini usizame kichwa. Wimbi lilinifunika siku moja, maji ya tumboni tu, na nilipofungua macho kwenye vumbi la mchanga sikujua juu ni wapi. Nilikuwa nakazana kuogelea kwenda chini. Sasa mwisho wangu ni magotini.

Kariakoo nakwenda saa mbili asubuhi, kabla Mtaa wa Kongo haujafurika. Vitu vinavyoning'inia na watu wanaopishana vinanizungusha kuliko meli. Nikizidiwa nasimama, mkono kwenye nguzo, natazama kitu kimoja cha mbali kisichotikisika.

Uso

Mshipa wa uso ukiwa haukukatika unaota tena, wanasema kama milimita moja kwa siku, kwa hiyo hesabu ni ya miezi. Daktari alinipa daraja la 5 katika kipimo cha 1 mpaka 6, sita ikiwa ni kupooza kabisa. Mwezi wa saba kona ya mdomo ikatikisika. Leo niko la 3.

Watu watakuambia utafune bigijii, upulize maputo, ukunje uso kwa nguvu. Mimi nilitafuna mpaka taya likauma. Mshipa unaporudi unaweza kuunganisha waya sivyo, na kulazimisha kwa nguvu kunazidisha mchanganyiko huo. Mimi sasa nikitafuna, jicho la kulia linafumba lenyewe, nikicheka, linakonyeza. Mwanamume mmoja muuza vifungo alidhani namkonyeza yeye, na bei ikashuka. Kinachofaa ni mazoezi madogo, mbele ya kioo, dakika tano: tabasamu robo, taratibu, huku ukilegeza jicho. Kanda shavu kwa kidole gumba kikiwa ndani ya mdomo. Mkazo ukizidi, wapo madaktari wanaochoma botoksi kulegeza msuli, muulize wako.

Kula ni aibu ya mwanzoni inayopita. Tafuna upande mzima, kisha pitisha ulimi au kidole kwenye shavu lililolala, wali unajificha humo. Chai ya moto usinywe kwa mrija, itakuunguza; bana kona ya mdomo kwa kidole. Ladha upande ule inaweza kupotea au kugeuka chuma. Nilimgombeza binti yangu wiki nzima kwa chumvi ambayo hakuizidisha.

Utaambiwa ni jini, upepo mbaya, au kiharusi. Mwanangu wa kiume alinionyesha Mark Ruffalo, yule anayeigiza Hulk: alitolewa uvimbe kama wangu, uso ukapooza, ukarudi, sikio la kushoto halikurudi. Hiyo imenisaidia kuliko maelezo yangu yote. Nikiwaambia "kama yule wa kijani" wananyamaza.

Kichwa, uchovu na mkoba

Kichwa changu kinauma kwenye kovu na shingoni, zaidi nikiinamia mashine. Nimepandisha meza kwa matofali mawili. Panadol usimeze kila siku. Ukizoea siku kumi na tano au zaidi kwa mwezi, dawa yenyewe inaanza kuleta maumivu. Lakini kichwa kikali kikija na homa na shingo ngumu, au ukiinama yakatoka puani maji maangavu yenye chumvi, usisubiri asubuhi. Maji hayo yanaweza kuwa ya ubongo.

Uchovu hauonekani, kwa hiyo hauaminiki. Kusikiliza kwa sikio moja, kusimama kwa balansi ya kujifunza, yote yanakula bando. Langu linaisha saa tisa alasiri. Kukata vitambaa ni asubuhi, kushona mchana, na baada ya saa tisa ni vifungo na upindo tu. Mteja wa haraka nampeleka Komakoma.

Mkobani nina karatasi niliyoipiga lamineti: nilipasuliwa 2019, sikio la kulia halisikii, uso wa kulia ulilegea tangu hapo. Nikianguka barabarani wajue kipi ni cha zamani. Na wewe ujue: mkono ukilegea au upande mwingine wa uso ukianguka, hicho ni kipya, kimbia. Mstari wa mwisho nimeuandika kwa wino mwekundu: *Dawa zinazoharibu masikio msinipe bila kuniambia.* Zahanati moja ya mtaani walikuwa wameshavuta jentamaisini kwenye sindano kwa ajili ya mkojo wangu mchafu. Nikauliza jina. Dawa hiyo na ndugu zake inaweza kuua kusikia na balansi, na mimi nimebaki na upande mmoja. Nesi aliudhika, daktari akabadilisha.

Picha za MRI, zile za mashine ya sumaku, zinaendelea. Daktari wangu aliacha utando mwembamba wa uvimbe juu ya mshipa wa uso ili asiukate, kwa hiyo unaangaliwa. Diski zote ninazo, na ripoti nimezipiga picha kwenye simu. Mara ya mwisho nilipoambiwa nitoe vyuma vyote nikatoa hereni, bangili na saa, nikawa najisifu. Dada wa mapokezi akapitisha mkono kwenye upindo wa gauni langu, akatoa pini mbili, ya tatu ikamchoma. Siku hizi nikiwa na tarehe ya picha, usiku uliotangulia natandaza gauni kitandani na kulipitisha ile sumaku ninayookotea pini sakafuni, mbele, nyuma, kisha kola.